Hija Iliyoanzia Zizini

Husimuliwa, nami nakifikisha kisa hiki kama kilivyonifikia bila kukitia chumvi, kwamba katika zama za watu wema waliotutangulia palikuwa na mtu katika milima ya Yemeni akiitwa Yasar bin Wahb, na mkewe akiitwa Umayma. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Walikuwa mtu na binamu yake, kama walivyozoea kuoana watu wa huko, na mpaka uzeeni bibi huyu hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita "binamu". Akiwa na furaha alimwita hivyo, na akiwa amekasirika alimwita hivyo hivyo, ila sauti ndiyo iliyobadilika.

Msiyatafute majina yao katika vitabu vya wanazuoni, hamtayaona. Yasar alikuwa mchungaji wa kondoo ujanani mwake, na miguu ilipochoka akakaa nyumbani kufuma mablanketi ya sufu. Umayma ndiye aliyesokota nyuzi. Wanawake wa kijiji walikuwa wakisema uzi wa Umayma huingia kwenye tundu la sindano bila kulambwa, na ukiwajua wanawake wa kijiji utajua kwamba sifa hiyo hawaitoi ovyo.

Walikuwa na jambo moja lililowakaa moyoni. Miaka thelathini na mmoja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, Umayma aliugua mpaka akafika pale ambapo jamaa huanza kunong'ona. Yasar akaweka nadhiri: Mola akimrudishia mkewe, watatembea pamoja kwa miguu yao mpaka kwenye Nyumba Yake tukufu. Umayma akapona. Lakini ndugu zangu, kupona ni siku moja na umaskini ni miaka. Ukaja ukame. Kisha mama yake Yasar akalala kitandani miaka tisa, na Umayma ndiye aliyemlisha na kumgeuza ubavu. Likaisha hili likaja lile. Kila mwezi wa Rajab msafara wa mahujaji ulikusanyika katika mji wa bondeni, na kila Rajab wao wawili waliusindikiza kwa macho wakabaki.

Kwa macho, nimesema, na macho ndiyo yaliyokuja kuwaharakisha. Jicho la kulia la Umayma lilifungwa na mtoto wa jicho, na la kushoto likaanza kuingia ukungu. Tabibu mmoja aliyekuwa akipita vijijini aliliangalia, akamwambia bila kuzunguka: "Bibi, hesabu miezi, usihesabu miaka. Ramadhani ukiiona, mshukuru Mola wako. Shawwal sikuahidi." Msafara wa Rajab huingia Maka katika Shaabani. Umayma akapiga hesabu hiyo kwa vidole vyake, akamwambia mumewe, "Binamu, mwaka huu au basi. Nataka niione Alkaaba kwa jicho hili kabla halijazimika." Wakauza kondoo waliosalia, wakanunua unga, tende na viatu vya ngozi mpya, wakajiandaa.

Sasa ukweli nitauweka wazi mapema, maana si haki niwafiche ninyi kama Yasar alivyomficha mkewe. Nadhiri ile hakuiweka nyumbani kwake, ingawa Umayma na kijiji kizima waliamini hivyo. Aliiweka juu kabisa mlimani, kwenye zizi la mawe ambako wachungaji hukaa msimu wa malisho. Umayma alikuwa na mimba ya miezi minane. Uchungu ukamjia kabla ya wakati wake, mvua ya mawe inapiga, hakuna mkunga wala jirani. Mtoto akazaliwa, wa kiume, akaishi muda wa mtu kwenda kuchota maji na kurudi. Mama akapoteza fahamu. Yasar akamwadhinia mtoto sikioni, akampa jina, na alipokata roho akamzika kando ya ukuta wa zizi. Kisha akarudi kwa mkewe, akakilaza kichwa chake mapajani, akasema: "Ya Rabi, huyu mdogo umemchukua, nami nimeridhia. Huyu niachie. Ukiniachia, nitatembea naye mpaka Nyumba Yako, na hatua ya kwanza nitaipiga hapa penye kaburi hili, ili na mtoto wetu awe na sehemu katika safari yetu."

Akambeba mgongoni kutwa nzima mpaka nyumbani. Umayma alipozinduka siku ya tatu alijikuta kitandani kwake. Akauliza habari za mtoto, Yasar akajibu, "Amezikwa mlimani," na bibi hakuuliza tena. Alipoambiwa habari ya nadhiri akauliza, "Uliiweka ukiwa wapi, binamu?" Yasar akamtazama alivyokonda. Aliogopa kwamba akimtajia zizi atataka kupanda kwenda kuliona kaburi, na mlima utammaliza. Akasema, "Hapa mlangoni."

Ulikuwa uongo mdogo wa huruma. Uongo wa namna hiyo huingia nyumbani kama paka wa jirani: siku ya kwanza unamtupia kipande cha mkate, siku ya pili ana mahali pake pa kulala, na baada ya mwaka hukumbuki kwamba si wako. Yasar aliishi nao miaka thelathini na mmoja. Na sasa, jicho la mkewe linapohesabiwa miezi, aliuona kuwa na manufaa tena. Kupanda zizini ni kutwa nzima, na kushuka mpaka mji wa bondeni ni siku mbili kwa mguu wa mzee. Msafara unaondoka Alhamisi. Wakipanda, wataukosa, na Umayma hataiona Alkaaba. Akaamua kunyamaza, akajiambia kwamba dhambi ataibeba yeye na Nyumba ataiona mkewe, na moyoni mwake aliuita huo mapenzi. Nami siwezi kusema hayakuwa mapenzi.

Lakini watu wa milima ile walikuwa na desturi yao. Anayekwenda kuhiji kwa miguu haondoki kimyakimya. Siku ya kuondoka, mtu aliye karibu naye kuliko wote husimama mbele yake, humshika mkono wa kulia, na humwuliza mara tatu mbele ya mashahidi: "Unaanzia wapi?" Naye hujibu: "Ninaanzia hapa, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Mwenye nadhiri hutakiwa awe amesimama pale pale alipopataja katika nadhiri yake. Akishajibu mara ya tatu hageuki nyuma tena, hata akiitwa na mama yake.

Ikafika Jumatano asubuhi. Mvua ilikuwa siku yake ya nne. Matuta ya shayiri yalikuwa yakimomonyoka, njia imekuwa mfereji, na mlima juu ulikuwa mweupe kwa mvua ya mawe. Hata hivyo majirani walikuja. Bi Zuhra, mjane wa nyumba ya pili, alikuja amejifunika gunia kichwani. Fakihi Hamdan, aliyekuwa akiwafundisha watu dini yao kijijini hapo, alikuja na mafua yake na bakora yake. Wote wakasimama uani wakilowa, na Yasar na Umayma wakasimama kizingitini wamevaa viatu vipya.

Kwa kuwa wote wawili walikuwa wakisafiri, Umayma ndiye aliyekuwa amwulize mumewe kwanza. Akamshika mkono. Alikuwa na furaha kama bibi harusi, na hakuona haya kuonekana hivyo mbele za watu.

"Binamu, unaanzia wapi?"

Yasar akafungua kinywa, akakohoa, akasema, "Mvua hii, Umayma, itatuchelewesha."

Watu wakacheka. Umayma naye akacheka. "Sikukuuliza habari za mvua. Binamu, unaanzia wapi?"

Yasar akatazama chini kwenye viatu vyake. Huenda ulimi ungetii kama angeulizwa na mtu mwingine. Fakihi akajisafisha koo kumkumbusha maneno, akidhani mzee amesahau.

Hapo Umayma akasogea. Jicho lake halikuona uso wa mtu mpaka liukaribie sana, basi akamsogelea mumewe mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akamtazama kwa lile jicho moja. Nyuso za watu wote zilikuwa zimelowa asubuhi ile, lakini yeye aliyajua machozi ya mumewe kwa miaka mingi. Furaha ikamwondoka usoni. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini.

"Binamu. Unaanzia wapi?"

"Si hapa," akasema Yasar.

Akawaeleza yote pale pale mvuani: zizi, mtoto, kaburi, nadhiri, na neno alilolisema miaka thelathini na mmoja iliyopita kitandani pa mkewe. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alipomaliza yalisikika maji tu yakitiririka kutoka darini.

Fakihi Hamdan, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu laini. Akasema, "Yasar, sikiliza. Mola wetu hana haja ya kuziadhibu nafsi zenu. Aliyeshindwa ana rukhsa. Mlima umejaa mawe ya mvua, wewe ni mzee, na mkeo haoni vizuri. Nani atakulaumu ukianzia hapa?"

"Sijashindwa, Fakihi," akajibu Yasar. "Miguu yangu inaweza. Nimeogopa tu, nikaficha. Rukhsa ya aliyeshindwa nikiichukua mimi niliyeogopa, nitakuwa nimedanganya mara ya pili." Kisha akamgeukia mkewe. "Nilitaka uione, Umayma. Hilo tu. Nilitaka uione."

Umayma alikuwa ameuachia mkono wa mumewe, akaushika ukingo wa mlango. Bi Zuhra alisimulia baadaye kwamba alidhani bibi ataanguka. Badala yake akasema, na sauti yake ilikuwa kali:

"Kwa hiyo ulitaka niingie Nyumba ya Mungu kwa kificho, binamu, kama mwanamke anayeingia harusini bila kualikwa? Nile wali nishibe, na nikiulizwa umetoka wapi nitazame ukutani?"

"Dhambi ilikuwa yangu, si yako."

"Na hilo uliliamua mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja unagawa mwenyewe, hili la kwangu, lile la kwako." Kisha sauti ikavunjika, akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia. "Yuko ukuta wa upande gani?"

"Nani?"

"Mtoto wangu, binamu. Amelala ukuta wa upande gani?"

"Wa mashariki. Upepo haumfikii."

Umayma akalia sana, wala hakujificha. Alipokwisha akajipangusa kwa ncha ya mtandio wake, uliokuwa umelowa kuliko uso wenyewe, akasema, "Tunapanda."

Bi Zuhra akapiga kelele: "Umayma! Na jicho lako? Msafara hautakungoja!"

"Aliyenipa jicho ndiye aliyewekewa nadhiri," akasema Umayma. "Anajua mvua inaponyesha na inapoanuka. Anajua pia msafara unaondoka Alhamisi."

Bi Zuhra akaguna, akaenda zake, na watu wakadhani amekasirika. Kumbe alikwenda bandani kwake kumleta punda. "Kupanda si hija bado," akasema, "hija itaanza huko juu. Basi panda mnyama mpaka zizini, mama, na ukishafika umwachie, atarudi peke yake. Njia anaijua. Ana akili kuliko marehemu mume wangu." Fakihi akasema punda ni halali bila shaka, na akaahidi kwamba yeye mwenyewe atateremka bondeni kumwomba amiri wa msafara angoje kadiri atakavyoweza. Alikwenda kweli, na mafua yake, katika mvua ile. Nawaambia haya ili mjue kwamba katika kisa hiki si watu wawili tu waliokuwa wema.

Wakapanda. Yasar aliongoza punda kwa miguu, na Umayma alikaa juu amejifunika mablanketi mawili aliyoyasokotea nyuzi mwenyewe. Mvua ya mawe iliwapiga mara mbili, wakajibanza chini ya mwamba mpaka ikapita. Njia nzima Umayma hakumsemesha mumewe. Yasar naye hakuomba kusemeshwa. Walipofika penye utelezi mkubwa, punda akasita, na Yasar akasikia mkono wa mkewe umemshika begani. Haukutoka tena mpaka juu.

Walifika alasiri. Zizi lilikuwa limebomoka nusu, na barafu ilikuwa imelundikana kando ya kuta. Wakaswali. Kisha Yasar akamwongoza mkewe mpaka upande wa mashariki, akaifagia barafu kwa mikono yake, yakaonekana mawe saba meupe yaliyopangwa mstari mfupi. Mstari ulikuwa mfupi sana. Yasar alikuwa akipanda kuyapanga upya kila msimu wa malisho alipokuwa mchungaji, na miguu ilipochoka hakuweza tena.

Umayma akapiga magoti matopeni. Aliinamisha uso mpaka karibu na ardhi, akayatazama mawe yale kwa jicho lake, moja baada ya jingine, bila haraka, kama alivyokuwa akiukagua uzi. Alipofika la saba akarudi kwenye la kwanza.

"Ulimpa jina?" akauliza.

"Nilimpa. Sahl."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Niliogopa kuuliza," akasema Umayma. "Nilidhani ukilitaja utavunjika, na mimi sikuwa na nguvu ya kukuokota. Basi usijione ni wewe peke yako uliyeficha, binamu. Kila mwaka ulipopanda na kondoo nilijua unakwenda kwake, nikakufungia mkate wa ziada, nikanyamaza." Akaweka kiganja chake juu ya jiwe la katikati. "Sahl," akamwita mtoto. "Sahl bin Yasar. Mama yako amekuja. Amechelewa."

Desturi ya Waarabu ni kwamba mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Umayma hakujaliwa mtoto mwingine, na kwa miaka yote hiyo, wenzake wakiitwa Umm fulani, yaani mama wa fulani, yeye aliitwa Umayma tu. Yasar akamwinua pale matopeni akamwambia, "Inuka, Umm Sahl, utashikwa na baridi." Ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo mpaka walipotenganishwa na mauti.

Asubuhi, baada ya swala, mvua ikiwa imepungua, walisimama penye kaburi na viatu vyao vilivyokwisha kuwa vya zamani kwa siku moja. Hapakuwa na shahidi wa kibinadamu. Punda alikwisha kuteremka kwenda kwao. Umayma akaushika mkono wa mumewe, akauliza mara tatu, na Yasar akajibu mara tatu bila kukohoa: "Ninaanzia hapa, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Kisha naye akamwuliza mkewe, akajibu vivyo hivyo. Wakapiga hatua ya kwanza. Walikuwa wamefundishwa wasigeuke nyuma, na hawakugeuka, ingawa naamini kwamba mama yule ilimgharimu.

Walishuka siku mbili. Bondeni wakakuta majivu ya mioto ya kupikia na kinyesi cha ngamia. Msafara ulikuwa umeondoka. Fakihi Hamdan alikuwa amekaa juu ya jiwe peke yake akiwangoja, macho mekundu kwa homa. Akasema amiri alingoja nusu siku kwa heshima yao, na zaidi ya hapo hakuweza, maana alikuwa na roho za watu mia tatu mikononi mwake. Yasar akataka kusema neno, Umayma akamzuia. "Njia ipo," akasema. "Msafara si njia."

Wakaendelea wenyewe. Mto uliofurika uliwazuia siku tisa. Walipoteremka nchi tambarare, watu wa mji mmoja waliwakataza kwenda mbele wawili peke yao, wakawaambia wangoje msafara wa pili uondokao baada ya Idi. Basi Ramadhani ikawakuta hapo, wakafuturu pamoja na wageni msikitini, na Umayma akawa anawasokotea wenyeji nyuzi kwa shukrani.

Siku ya kuutazama mwezi wa Idi watu walipanda kwenye dari la msikiti. Wakawa wanaonyeshana: ule pale, juu kidogo ya mnara. Umayma akauliza, "Mnara uko upande gani?" Alikuwa ameuelekea. Yasar akaelewa, na Umayma mwenyewe akaelewa wakati huo huo.

Usiku wa furaha wa watu wote ulikuwa mzito kwao. Yasar alijiinamia akasema, "Ningenyamaza pale mlangoni, Umm Sahl, mwezi wa Shaabani ungekwisha kuiona."

"Ningeiona," akasema Umayma. Hakumdanganya kwamba haikumuuma. "Nilitaka sana kuiona, binamu, Mola anajua. Lakini sikiliza. Nyumba ile watu wanaitazama kila siku, na wataitazama mpaka Kiyama. Mwanangu alikuwa na mimi tu wa kumtazama." Kisha akamwomba amletee sufu yake na kijiti cha kusokotea, maana vidole, alisema, havijambo.

Msafara wa pili ukaondoka, nao wakaufuata kwa miguu. Aliyekuwa akiona alimshika asiyeona, akimwambia njiani, "Jiwe," na "Mteremko," na "Inua mguu, Umm Sahl." Watu wenye ngamia waliwaonea huruma wakawataka wapande, wakakataa kwa adabu. Siku ya mwisho ya Dhulkaada waliingia Maka, wakiwa katika ihramu zao na talbia, wito wa mahujaji, midomoni.

Walipita mlango wa Msikiti Mtukufu katika umati. Umayma alihisi sakafu imebadilika chini ya nyayo zake, akasikia ule mvumo wa watu wanaozunguka, ambao aliyeusikia hausahau. Mara akahisi mumewe amesimama.

"Kwa nini umesimama? Tumefika?"

"Tumefika."

Bibi akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Basi niambie ikoje. Niambie yote, pole pole. Na usinidanganye, binamu."

"Sioni, Umm Sahl," akasema.

"Huoni nini?"

"Sioni kitu. Nafuta macho, yanajaa tena. Nafuta, yanajaa tena. Nimesimama mbele yake, wala sioni kitu."

Umayma akacheka, kicheko kile kile cha kizingitini, cha bibi harusi. "Basi leo tumekuwa sawa," akasema. "Nishike, twende hivyo hivyo."

Wakaingia katika tawafu, kuizunguka Alkaaba. Waliowaona siku ile walisema hawakuweza kutambua ni yupi kati ya wazee wale wawili aliyekuwa akimwongoza mwenzake. Na walipojaliwa kufika ukutani, Umayma alilishika pazia la Alkaaba, akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kama fundi anavyofanya, akasema, "Uzi huu umesokotwa vizuri."

Kila mwaka nikikisomesha kisa hiki kuna mwanafunzi huniuliza: je, alipolishika pazia, jicho halikufunguka? Najua mnavyopenda iwe hivyo. Nami ningependa. Mola wetu ni muweza wa hilo na la zaidi ya hilo. Lakini mimi sikupokea hivyo, na baada ya kisa kama hiki ningeona aibu kuongeza neno.

Kuna kitu kila mmoja wetu amekikusudia kwa Mola wake, na kuna mahali pa juu, penye baridi, ambapo anajua ndipo pa kuanzia, naye amechagua mlangoni kwa sababu mlangoni ni karibu na hakuna atakayejua. Mimi mwenyewe ninapo pangu, nami sijapanda. Mwenyezi Mungu amrehemu Yasar, amrehemu Umm Sahl na mtoto wao, na atupe mtu wa kutushika mkono, atukaribie usoni, atuulize mara ya tatu: unaanzia wapi?